Akiba haiozi? Wafanyabiashara wa Doha na swali la kununua kiasi gani

Mtu wa Lamu, Kilwa au Rufiji anayeingia katika Souq Waqif, soko kongwe la Doha, mji mkuu wa Qatar, akiinua macho kutazama dari hukuta kitu ambacho hahitaji kuelezwa. Ni boriti. Zimepangwa sambamba kutoka ukuta mmoja hadi wa pili, kama zilivyopangwa katika nyumba za mawe za mwambao wa Afrika Mashariki. Soko hilo lilijengwa upya katika muongo wa kwanza wa karne hii kwa kufuata mtindo wa zamani, na mtindo wa zamani wa Ghuba hauwezi kuigwa bila boriti.

Kwa karne nyingi, nchi za Ghuba, ambako miti mikubwa ya ujenzi haioti, zilipata boriti zake kutoka misitu ya mikoko ya visiwa vya Lamu na delta ya Rufiji. Upana wa vyumba vingi vya kale mjini Doha ulifuata urefu wa boriti hizo, takriban mita tatu. Wenyeji waliyapima maisha ya ndani ya nyumba zao kwa mti uliokatwa maelfu ya kilomita kusini.

Lakini kabla boriti haijafika darini, kulikuwa na mtu aliyelazimika kujibu swali gumu. Akiwa bado Afrika Mashariki, fedha zikiwa mkononi na jahazi likimsubiri, ilimpasa aamue anunue kiasi gani, ilhali hajui ni kiasi gani kitahitajika huko aendako. Swali hilo ndilo limeandama historia ya biashara ya Doha, kuanzia zama za tanga na lulu hadi mgogoro wa mwaka 2017 na Kombe la Dunia la mwaka 2022. Waswahili wana methali isemayo kuwa akiba haiozi. Historia ya Doha inaonyesha kwamba methali hiyo ni ya kweli mara nyingine, na mara nyingine kuiamini kumewagharimu watu wengi.

Msimu mmoja, shehena moja

Majahazi ya Ghuba, hasa ya Kuwait, Oman na Uajemi, yalishuka Afrika Mashariki kwa upepo wa kaskazi, yakiwa yamebeba tende, chumvi na samaki wakavu. Yalirudi kwao kusi lilipoanza kuvuma, kuanzia mwezi wa Aprili. Safari ilikuwa moja tu kwa mwaka. Neno msimu lenyewe, lililotoka katika Kiarabu, hubeba maana zote mbili, wakati wa upepo na wakati wa biashara, kwa sababu katika bahari hiyo mambo hayo mawili yalikuwa jambo moja.

Alan Villiers, baharia na mwandishi mzaliwa wa Australia, alisafiri na jahazi la Kuwait katika msimu wa mwaka 1938 hadi 1939, na aliwashuhudia mabaharia wakipakia boriti katika delta ya Rufiji, wakisumbuliwa na matope, mbu na mvua. Boriti zilihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Nahodha aliyesimama katika matope hayo hakuwa na simu wala redio. Hakujua majahazi mangapi mengine yamepakia boriti hizo hizo. Hakujua kama mwaka huo watu wa Bahrain, Kuwait au Doha wana fedha za kujenga. Habari alizokuwa nazo zilikuwa za miezi kadhaa iliyopita.

Hata hivyo, nahodha wa boriti alikuwa na nafuu mbili. Ya kwanza ni kwamba boriti ya mkoko ni ngumu na haiharibiki upesi. Iliyokosa mnunuzi katika bandari moja ilipelekwa bandari ya pili, na iliyokosa mnunuzi mwaka huu ililazwa uani hadi mwaka ujao. Ya pili ni kwamba jahazi lilikuwa linarudi nyumbani kwa vyovyote vile, liwe limejaa au li tupu. Nafasi isiyopakiwa ilikuwa ni hasara ambayo haifidiki mpaka mwaka mwingine. Kwa hiyo kosa la kununua kupita kiasi lilikuwa dogo, na kosa la kununua pungufu lilikuwa kubwa. Jibu la busara likawa ni kujaza jahazi.

Aidha, hasara ikitokea, haikumwangukia nahodha peke yake. Mabaharia hawakulipwa mshahara, bali fungu la faida. Mwaka mbaya ulikuwa mbaya kwa wote, na mara nyingi baharia alishuka pwani akiwa na deni kwa nahodha, naye nahodha akiwa na deni kwa tajiri. Utaratibu huu wa kugawana hasara kwa kupitia madeni utaonekana tena, ukiwa na sura ya kutisha zaidi, katika biashara iliyoijenga Doha yenyewe.

Lulu haziozi

Mwanzoni mwa karne ya 20, Qatar ilikuwa nchi ya watu wachache. Mwingereza J. G. Lorimer, aliyekusanya habari za Ghuba kwa ajili ya serikali ya India, aliwakadiria kuwa 27,000. Kiangazi kilipofika, wanaume walielekea baharini kupiga mbizi kutafuta chaza wenye lulu, kazi iliyodumu takriban miezi minne. Mwisho wa Septemba, mashua zilipotia nanga, wafanyabiashara walioitwa tawawish walikuwa tayari na vitambaa vyekundu, mizani midogo na vichungio vya shaba vya kupangia lulu kwa ukubwa.

Tawwash naye alikuwa na swali la nahodha wa boriti. Alinunua mwisho wa kiangazi mali ambayo wanunuzi wake wa mwisho walikuwa Paris, London na New York, na ambayo kwanza ilipita mikononi mwa madalali wa Bombay. Bei ya Septemba mjini Doha ilikuwa ni kisio la bei ya miezi mingi baadaye, katika miji ambayo mnunuzi hakuwahi kuiona.

Kwa miaka mingi kisio hilo lilikuwa rahisi, kwa kuwa bei zilipanda tu. Mwaka 1912 sonara maarufu wa Ufaransa, Jacques Cartier, alifunga safari hadi Ghuba kutafuta lulu mwenyewe. Mwaka 1917 familia hiyo ya masonara ilipata jumba lake la Fifth Avenue, New York, kwa kubadilishana na mkufu wa lulu wa nyuzi mbili uliothaminiwa kuwa dola milioni moja. Katika dunia ya namna hiyo, tajiri wa lulu aliyebakiwa na mali hakujiona kuwa amekosea. Lulu haili, hainywi, haihitaji ghala wala mlinzi zaidi ya sanduku na ufunguo. Bei ya leo ikiwa mbaya, lulu ilingoja bei ya kesho. Kama kuna mali ambayo methali ya akiba ilitungiwa, basi ilikuwa ni hiyo.

Lakini huko Japani, Mikimoto Kokichi alikuwa amefaulu mwaka 1893 kumfanya chaza atengeneze nusu lulu kwa kupandikizwa. Baada ya utafiti wa Wajapani kadhaa, lulu kamili za kufugwa, za mviringo, zilianza kuonekana katika soko la London mwaka 1921 na kuzua mabishano makali. Masonara walibishana kama ni lulu za kweli au za bandia. Wanunuzi, kwa upande wao, waliona kuwa kwa macho matupu hawawezi kuzitofautisha.

Kisha ukaja mwaka 1929. Msimu wa mbizi wa mwaka huo ulikwisha kama kawaida, na wiki chache baadaye, mwezi wa Oktoba, soko la hisa la New York likaporomoka. Matajiri wa Ghuba walikuwa wamekwisha kununua. Mali ilikuwa ndani ya masanduku na wanunuzi walikuwa wametoweka. Waliosubiri bei irudi walisubiri bure, kwa sababu mambo mawili yalikuwa yamekutana: fedha za matajiri wa Magharibi zilikuwa zimeyeyuka, na lulu za Japani zilikuwa zikiuzwa kwa bei nafuu. Mkufu ule wa New York ulipouzwa kwa mnada mwaka 1957, ulipata takriban dola 150,000 tu. Lulu zake hazikuwa zimeoza. Kilichooza ni bei.

Deni la mpiga mbizi

Sanduku la lulu zisizouzika lilikuwa hasara kwa tajiri. Lakini tajiri hakuwa ameinunua mali hiyo kwa fedha zake peke yake. Kabla ya msimu, alimpa nahodha mchele, tende na fedha kwa mkopo. Nahodha naye aliwapa wapiga mbizi, ili familia zao zile wakati wao wako baharini. Mwisho wa msimu hesabu zilifanywa, na fungu la mpiga mbizi likakatwa deni hilo. Bei ya lulu ikiwa ndogo, fungu halikutosha, na deni likabaki kwa msimu uliofuata. Katika Ghuba yote deni la namna hiyo liliweza kumfuata mtoto baada ya baba kufa.

Hivyo, tajiri alipokisia vibaya, aliyelipa wa kwanza alikuwa yule ambaye hakuulizwa. Mpiga mbizi hakuchagua ni lulu ngapi zinunuliwe wala zihifadhiwe mpaka lini. Yeye alibeba tofauti kati ya bei iliyotarajiwa na bei iliyopatikana.

Na walikuwapo waliobeba zaidi ya hapo. Miongoni mwa wapiga mbizi wa Qatar na Ghuba kwa jumla walikuwamo watumwa, wengi wao wakiwa na asili ya Afrika Mashariki. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini biashara ya magendo iliendelea kwa miaka mingi baadaye. Wanahistoria wanaonyesha kuwa iliendelea kwa sababu maalumu: dunia ilikuwa ikizitaka tende na lulu za Ghuba, na wenye mashamba na mashua walitafuta mikono ya kuongeza mali. Kisio la mahitaji ya Paris na New York liligeuka kuwa amri ya kukamata watu huku upande wa kusini.

Bei ilipoanguka, mikono hiyo nayo ikaonekana kuwa mingi kupita kiasi. Majalada ya mawakala wa Uingereza huko Bahrain, Sharjah na Muscat yamehifadhi maelezo ya watu waliokwenda kuomba hati za uhuru, wakieleza walivyochukuliwa utotoni, walivyouzwa na walivyopigishwa mbizi mwaka baada ya mwaka. Kwa Qatar, miaka ya 1930 na 1940 inakumbukwa kuwa miaka ya njaa. Familia nyingi zilihama, na inakadiriwa kuwa mwishoni mwa miaka ya 1940 wakazi walibaki takriban 16,000. Mafuta yalikuwa yamegunduliwa Dukhan mwishoni mwa miaka ya 1930, lakini Vita vya Pili vya Dunia vilisimamisha kazi, na shehena ya kwanza haikusafirishwa nje mpaka mwisho wa mwaka 1949. Hata katika kambi za mafuta walikuwapo watumwa waliopelekwa na mabwana zao, ambao walichukua sehemu ya mishahara yao. Utumwa ulipigwa marufuku nchini Qatar mwaka 1952.

Hesabu ya wataalamu

Swali la nahodha na la tawwash lilikuwa pia likiwashughulisha wasomi, ingawa kwa mlango mwingine. Mwaka 1888 mchumi Francis Ysidro Edgeworth alijiuliza benki iweke fedha taslimu kiasi gani, ilhali haijui ni wateja wangapi watakuja kutoa fedha zao. Mwaka 1951 Kenneth Arrow, Theodore Harris na Jacob Marschak walichapisha uchunguzi uliojenga msingi wa hesabu za akiba ya bidhaa. Tatizo hilo hufundishwa vyuoni kwa mfano wa muuza magazeti, ambaye asubuhi hununua nakala bila kujua wasomaji watakuwa wangapi, na jioni gazeti lililobaki halina thamani.

Kiini cha hesabu hiyo kinaeleweka hata kwa asiyependa hisabati. Mfano wa kubuni utasaidia. Mfanyabiashara wa Doha hununua tende za Ramadhani kwa riyal 20 kasha na kuziuza kwa 30. Zinazobaki baada ya Idi huziuza kwa 15. Akipungukiwa kasha moja, amekosa faida ya riyal 10. Likimbakia moja, amepata hasara ya riyal 5. Kanuni inamtaka achukue ile 10 na kuigawanya kwa jumla ya 10 na 5, na jibu ni theluthi mbili. Maana yake ni kwamba anunue kiasi ambacho kingemtosha katika miaka miwili kati ya kila mitatu.

Sasa afungue daftari lake. Katika Ramadhani tisa zilizopita, tuseme wateja walitaka makasha 70, 75, 80, 85, 90, 95, 100, 110 na 120. Theluthi mbili ya tisa ni sita, na tarakimu ya sita ni 95. Hicho ndicho kiasi cha kununua, zaidi kidogo ya wastani. Lakini kama tende zilizobaki zingeuzwa kwa riyal 5 tu, hasara ya kila kasha ingekuwa 15, na jibu la mgawanyo lingekuwa sehemu nne tu kati ya kumi. Hapo kiasi cha kununua kingeshuka hadi 85. Wateja ni wale wale, na daftari ni lile lile. Kilichobadilika ni uzito wa kukosea upande mmoja ukilinganishwa na upande wa pili.

Kuna mtego katika daftari hilo. Wafanyabiashara wengi huandika walichouza, si kilichohitajika. Aliyeishiwa na tende siku ya ishirini ya Ramadhani ataandika makasha 80, na hatawaandika wateja waliorudi mikono mitupu siku kumi zilizofuata. Mwaka unaofuata atanunua tena 80, akiamini kuwa ndiyo mahitaji ya mtaa. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, lakini daftari lenye pengo nalo huficha habari.

Na kuna upungufu mkubwa zaidi. Hesabu hii huamini kuwa kesho itafanana na jana. Hakuna daftari la tawwash lililokuwa na mwaka kama 1929. Na hakuna daftari la muuza maziwa wa Doha lililokuwa na siku kama Juni 5, 2017.

Asubuhi ya Juni 5

Kufikia mwaka 2017, Doha ilikuwa mji mwingine kabisa. Gesi asilia ilikuwa imeifanya Qatar kuwa miongoni mwa nchi tajiri kabisa duniani kwa kipato cha mtu mmoja, na wakazi wake walikuwa zaidi ya milioni mbili na nusu, wengi wao wafanyakazi wa kigeni, wakiwamo Wakenya na Waganda. Karibu chakula chote kilitoka nje. Kwa makadirio yaliyotajwa sana wakati huo, takriban asilimia 40 ya chakula hicho kilipita katika barabara moja, kwenye mpaka wa Abu Samra na Saudi Arabia. Bidhaa nyingi nyingine zilipitia bandari ya Jebel Ali mjini Dubai.

Kwa wenye maduka, kuweka akiba kubwa ya maziwa au kuku hakukuwa na maana. Maziwa huharibika, ghala lenye baridi lina gharama, na lori jingine lingefika kesho. Kosa la kununua pungufu lilikuwa la siku moja tu. Kwa hesabu ile ya muuza magazeti, jibu lao lilikuwa sahihi.

Asubuhi ya Juni 5, 2017, Ramadhani ikiwa haijafika nusu, Saudi Arabia, Umoja wa Falme za Kiarabu, Bahrain na Misri zilitangaza kuvunja uhusiano na Qatar, zikiituhumu kuunga mkono ugaidi, tuhuma ambazo Qatar ilizikanusha. Mpaka wa Abu Samra ulifungwa na malori ya chakula yakakwama upande wa pili. Siku hiyo hiyo watu walimiminika madukani, na rafu za maziwa, kuku na maji zikabaki tupu. Mambo mawili yalitokea kwa pamoja: mali ilikatika, na mahitaji yakaongezeka maradufu kwa sababu ya hofu. Mteja aliyekuwa akinunua chupa mbili za maziwa alinunua kumi, si kwa kuwa ana kiu, bali kwa kuwa alimwona jirani yake akinunua kumi.

Njaa haikutokea. Ndege za mizigo kutoka Uturuki na Iran zilileta chakula, na meli zilibadilisha njia na kupitia bandari za Oman. Mwezi wa Septemba mwaka huo Qatar ilizindua rasmi Bandari ya Hamad, iliyokuwa imekwisha kuanza kazi, ili isitegemee tena bandari ya jirani. Lakini kila tani iliyokuja kwa ndege ilikuwa na gharama ambayo isingekubalika katika siku ya kawaida.

Ng'ombe hula kila siku

Mfano uliozungumzwa sana duniani ni ule wa ng'ombe. Mwezi wa Julai 2017 kampuni ya Baladna ilianza kuleta ng'ombe wa maziwa kwa ndege, 165 katika safari ya kwanza, na kuwapeleka katika mabanda yenye viyoyozi jangwani. Wengine walifuata kwa ndege na kwa meli, hadi kundi likapita ng'ombe 20,000, na nchi iliyokuwa ikiagiza sehemu kubwa ya maziwa yake ikajitosheleza.

Serikali nayo ilianza kujenga maghala makubwa karibu na Bandari ya Hamad, yaliyokusudiwa kuhifadhi na kusindika mchele, sukari na mafuta ya kula, kwa kiasi cha kuwatosha watu milioni tatu kwa miaka miwili. Hiyo ni akiba ambayo hakuna mwenye duka angeithubutu. Lakini serikali haikuwa ikihesabu faida ya riyal 10 kwa kasha. Ilikuwa ikihesabu gharama ya nchi kukosa chakula, na gharama hiyo ikiwekwa katika mizani, karibu kiasi chochote cha akiba huonekana kuwa kidogo.

Januari 5, 2021, katika mji wa Al-Ula nchini Saudi Arabia, nchi hizo zilitia saini makubaliano ya kumaliza mgogoro, na mpaka ukafunguliwa. Malori yangeweza kupita tena. Lakini ng'ombe walikuwa bado mabandani, na ng'ombe hula kila siku. Akiba ya namna hiyo haiozi, ila hudai kulishwa, na malisho yenyewe huagizwa kutoka nje.

Qatar ina uwezo wa kulipa gharama hiyo. Nchi nyingine hulazimika kupima zaidi. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula nchini Tanzania na Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao nchini Kenya hukabiliwa na swali hilo hilo kila mavuno yanapofika: kununua mahindi mengi na kuhatarisha yaharibiwe na wadudu na unyevu ghalani, au kununua machache na kuomba mvua isikose. Tofauti ni kwamba huko kukosea kwa upande wa upungufu hupimwa kwa sahani za watu, na kukosea kwa upande wa ziada hulipwa na hazina yenye mahitaji mengine mengi.

Kinywaji kilichobaki ghalani

Miaka mitano baada ya mgogoro huo, Doha ilikumbana na kisio la aina nyingine. Kombe la Dunia la mwaka 2022 lilipangwa kuanza Novemba 20. Kampuni ya bia ya Budweiser, mdhamini wa mashindano, ilikuwa imeandaa shehena ya kuuza katika viwanja. Novemba 18, siku mbili tu kabla ya mchezo wa kwanza, ilitangazwa kuwa bia yenye kilevi haitauzwa kuzunguka viwanja hivyo. Kiu ya mashabiki haikubadilika, ila ruhusa ya kuuza iliondolewa. Kampuni ilionyesha picha ya ghala lililojaa makopo na kuahidi kwamba mali hiyo itakwenda kwa nchi itakayotwaa ubingwa. Bingwa akawa Argentina.

Tukio hilo lilichekesha wengi, kwa sababu aliyepata hasara alikuwa na uwezo wa kuibeba, na hata kuigeuza tangazo. Hakuna familia iliyolala njaa kwa sababu ya makopo hayo. Ndiyo tofauti kubwa kati ya ghala hilo na masanduku ya lulu ya mwaka 1929.

Nani hulipa

Kanuni ya wataalamu humtaka mfanyabiashara ajiulize mambo mawili: kikibaki nitapoteza nini, na kikipungua nitakosa nini. Ni maswali mema, na mwenye duka anayeyajibu kwa uaminifu, huku akiwaandika hata wateja aliowakosa, atanunua vizuri kuliko yule anayefuata moyo wake. Lakini historia ya Doha inaongeza swali la tatu, ambalo halimo katika kanuni: hasara ikitokea, italipwa na nani?

Nahodha wa boriti aligawana hasara na mabaharia wake. Tawwash aliishusha kwa mpiga mbizi, na mpiga mbizi kwa mtoto wake. Mwaka 2017 serikali iliibeba kutoka katika hazina ya gesi. Mwaka 2022 kampuni ya bia iliibeba yenyewe. Mahali ambapo mwenye kuamua ndiye mwenye kulipa, ana sababu ya kupima sawasawa. Mahali ambapo analipiwa na wengine, kununua kupita kiasi huwa rahisi mno kwake, na ndivyo ilivyokuwa katika miaka ya neema ya lulu.

Kutoka chini ya boriti za Souq Waqif, ni mwendo mfupi kwa miguu hadi mtaa wa Msheireb. Huko kuna nyumba ya zamani iitwayo Bin Jelmood, ambayo tangu mwaka 2015 ni makumbusho ya historia ya utumwa. Ndani yake inaelezwa jinsi watu walivyoletwa Ghuba kutoka Afrika Mashariki, wakisafirishwa katika bahari ile ile na kwa pepo zile zile zilizoleta boriti. Wageni wengi wa soko hawafiki huko. Msikilizaji mwenye nafasi ya kupita Doha anaweza kuyaona yote mawili katika alasiri moja.